Namba Kubwa Huvunjwa, Haitazamwi

Swali ni lilelile, linabadilisha sura tu. Mzazi anamsaidia mtoto wa darasa la saba kazi za nyumbani, anakwama kwenye namba yenye tarakimu sita: ni tasa au si tasa? Mwanafunzi wa sekondari ameulizwa idadi ya vigawo vya namba ya mamilioni, hajui aanzie wapi. Mwingine ni mtu mzima asiye na mtihani wowote mbele yake; ameona namba ndefu gazetini na anataka tu kujua ina tabia gani. Wote huanza kwa kosa moja. Huikodolea namba macho wakitumaini itajieleza yenyewe.

Haijielezi. 1,003 ina sura zote za namba tasa, kumbe ni 17 × 59. Na 24,071, ambayo wengi wangeapa kwamba inagawanyika kwa kitu fulani, ni tasa kamili.

Mifano mitatu itatumika hapa, na hakuna hata mmoja uliotungwa kwa ajili ya darasa. Wa kwanza ni 61,741,120, idadi ya watu wa Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Wa pili ni 1,889,773, sehemu ya idadi hiyo iliyohesabiwa Zanzibar. Wa tatu ni 47,564,296, idadi ya watu wa Kenya katika sensa ya 2019. Namba za vitabuni mara nyingi hupangwa mapema zigawanyike vizuri. Hizi zimetokana na makarani waliopita nyumba kwa nyumba, kwa hiyo zina ukaidi wa kweli. (Ieleweke pia kwamba tabia za namba hizi hazisemi lolote kuhusu wananchi waliohesabiwa. Anayetafuta bahati au nuksi ndani yake ameingia mlango usio wake.)

Kabla ya kushika kalamu

Hesabu nyingi huharibika kwenye kunakili, kabla hata ya kugawanya. Mambo matatu ya kufanya kwanza:

- Andika namba kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia: 61 | 741 | 120. Mafungu haya yatatumika tena baadaye, si mapambo.
- Isome kwa sauti: milioni sitini na moja, laki saba na elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Tarakimu iliyoruka hugunduliwa na sikio kabla ya jicho.
- Kama namba imetoka kwenye maandishi ya Kongo au Burundi, angalia kwanza mwandishi alikuwa anafuata hesabu gani. Kwa utaratibu wa Kifaransa, elfu moja mara milioni moja ni miliari, na bilioni ni kubwa kuliko hiyo mara elfu.

Kisha uliza: je, hii ni namba ya kuhesabia au ni jina tu? Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, yaani cha NIDA, ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kutafuta vigawo vyake ni mchezo halali, ila hakuna kinachohesabiwa pale. Namba ya simu nayo ni vivyo hivyo.

Vipimo vya haraka

Kuna vipimo ambavyo kila aliyepita shule ya msingi amewahi kuvisikia, hivyo vinatajwa kwa ufupi:

- Kwa 2: tarakimu ya mwisho ni shufwa.
- Kwa 5: tarakimu ya mwisho ni 0 au 5.
- Kwa 4: tarakimu mbili za mwisho zinagawanyika kwa 4. Kwa 8: tarakimu tatu za mwisho zinagawanyika kwa 8. Mtindo unaendelea hivyo hivyo, nne kwa 16, tano kwa 32, sita kwa 64.
- Kwa 3 au 9: jumla ya tarakimu inagawanyika kwa 3 au kwa 9.

Kipimo kinachostahili muda zaidi ni cha 7, 11 na 13, kwa sababu hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuanza kugawanya ovyo. Siri iko kwenye 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Chukua mafungu ya tatu tatu yaliyokwisha andikwa, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana kuanzia kulia. Jibu likigawanyika kwa 7, namba nzima inagawanyika kwa 7. Ni hivyo hivyo kwa 11 na kwa 13. Alama ya kutoa mbele ya jibu haibadilishi kitu.

Kwa Tanzania: 120 − 741 + 61 = −560. Namba 560 ni 7 × 80, lakini haigawanyiki kwa 11 wala kwa 13. Kwa mstari mmoja tu, maswali matatu yamejibiwa.

Kwa Kenya: 296 − 564 + 47 = −221, nayo 221 ni 13 × 17. Hivyo 13 imo, 7 na 11 hazimo. Hapa pana mtego: 17 iliyojitokeza ndani ya 221 haihusiki kabisa. Kipimo hiki kinasema juu ya 7, 11 na 13 peke yake, na anayeidaka 17 hapa atakuja kushangaa kugawanya kunapokataa.

Kwa Zanzibar: 773 − 889 + 1 = −115. Haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Weka alama, maana namba hii itasumbua.

Kuivunja, kipande kwa kipande

Kuvunja maana yake ni kuiandika namba kama zao la namba tasa tupu. Karibu kila swali ambalo watu huuliza juu ya namba kubwa hujibiwa kutoka kwenye zao hilo, ndiyo maana hatua hii hairukwi. Utaratibu ni kupanda namba tasa kwa zamu, 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na kuendelea, na kila inayokubali igawanywe mpaka ikatae.

61,741,120 inaanza hivi:

- Inaishia na 0, kwa hiyo 10 imo: 61,741,120 ÷ 10 = 6,174,112. Tayari kuna 2 moja na 5 moja.
- 6,174,112 ni shufwa. Gawanya kwa 2: 3,087,056. Tena: 1,543,528. Tena: 771,764. Tena: 385,882. Tena: 192,941. Hii ni witiri, simama. Jumla zimepatikana 2 sita, yaani 2 kwa kipeo cha 6, ambayo ni 64.
- 192,941: jumla ya tarakimu ni 26, kwa hiyo 3 haimo. Haiishii na 0 wala 5, kwa hiyo 5 imekwisha.
- 7 ilikwisha jitangaza kwenye kipimo: 192,941 ÷ 7 = 27,563. Jaribu 7 tena: inabaki 4. Basi.
- 11 na 13 zilikataliwa mapema.
- 17 inabakiza 6. 19 inabakiza 13. 23 inabakiza 9. 29 inabakiza 13. 31 inabakiza 4. 37 inabakiza 35. 41 inabakiza 11.
- 43: 27,563 ÷ 43 = 641, bila baki.

Inabaki 641. Je, ivunjwe zaidi? Kipeuo chake cha pili hakifiki 26, na namba tasa zote zilizo chini ya 26 zimeshajaribiwa na kukataa. Kwa hiyo 641 ni tasa na kazi imekwisha:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Hiyo 641 ina historia yake. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat aliamini kwamba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 na kuongeza 1, ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Hakujaribu kila kitu. Alijua kwamba kigawo tasa cha namba ya aina hiyo lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, na 641 ni 64 × 10 + 1. Kuikuta namba ileile imejificha ndani ya idadi ya watu wa Tanzania ni sadfa tu, lakini sadfa ya kufurahisha.

Anayetumia kikokotoo cha simu na kutaka kujua baki afanye hivi: agawanye, aondoe sehemu nzima ya jibu, desimali iliyobaki aizidishe kwa namba aliyogawanyia. 27,563 ÷ 41 ni 672.26829. Ondoa 672, zidisha 0.26829 kwa 41, jibu ni 11 kasoro vumbi la desimali. Baki ni 11.

Wapi pa kusimama

Hapa ndipo penye malalamiko mengi kuliko sehemu nyingine yoyote. "Nimejaribu mpaka 97, hakuna kilichogawanya, si basi ni tasa?" Si basi.

Kikomo halali ni kipeuo cha pili cha namba unayoivunja. Sababu ni fupi: vigawo huenda kwa jozi, na katika kila jozi kimoja hakivuki kipeuo cha pili. Ukifika kipeuo bila kukipata kidogo, kikubwa nacho hakipo.

Chukua 1,889,773 ya Zanzibar. Ni witiri. Jumla ya tarakimu ni 43, kwa hiyo 3 haimo. 5 haimo. 7, 11 na 13 zimeshakataliwa. Endelea: 17 inabakiza 2, 23 inabakiza 1, 41 inabakiza 1, 97 inabakiza 19. Namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100 zimekataa. Mwenye haraka anaandika "tasa" na kufunga daftari.

Kumbe kipeuo cha pili cha namba hii kiko kati ya 1,374 na 1,375, na chini ya hapo zipo namba tasa 220. Mwenye subira anaendelea: 167 inabakiza 1, inatia uchungu. 227 inakosa kwa 2 tu. Kisha, kwenye namba tasa ya 52 katika orodha, mlango unafunguka:

1,889,773 = 239 × 7,907

Na 7,907 ni tasa. Kipeuo chake hakifiki 89, na hakuna kilicho chini ya hapo kilichokubali.

Sasa linganisha. Namba ya Tanzania nzima ni kubwa kuliko ya Zanzibar zaidi ya mara 30, lakini ilivunjika kwa namba tasa 14 tu, kutoka 2 mpaka 43. Ya Zanzibar ilidai 52. Ya Kenya, 47,564,296, inatoa 8, 13 na 19 upesi, halafu inabaki 24,071 ambayo inabidi ipimwe mpaka 151 ndipo ikubalike kuwa ni tasa: namba tasa 36 kwa jumla. Ugumu hauko kwenye urefu wa namba. Uko kwenye vigawo vyake: vidogo vikiwa vingi, kazi hupungua kwa kasi, vikiwa viwili tu na vyote vikubwa, hata namba fupi hukaa kimya muda mrefu.

Ndiyo sababu kikomo kipunguzwe kila mara kigawo kinapopatikana. Kwa 61,741,120 kikomo cha mwanzo kilikuwa 7,857. Baada ya kuondoa 2 zote na 5, kikashuka mpaka 439. Baada ya 7, kikawa 166. Baada ya 43, kikawa 25. Anayeng'ang'ania kikomo cha mwanzo anajipa kazi ya bure.

Hakiki kabla ya kujisifu

Zidisha vipande vyote urudi mwanzo. Hicho ndicho kipimo kamili. Kwa Kenya: 8 × 13 × 19 = 1,976, na 1,976 × 24,071 = 47,564,296. Sawasawa.

Kama kuzidisha kunachosha, kuna njia ya mkato ya kujumlisha tarakimu mpaka ibaki moja. Kwa 61,741,120 jumla ni 22, kisha 4. Upande wa vigawo: 64 inakuwa 1, 5 ni 5, 7 ni 7, 43 inakuwa 7, 641 inakuwa 2. Zidisha ukipunguza njiani: 1 × 5 = 5; 5 × 7 = 35, yaani 8; 8 × 7 = 56, yaani 2; 2 × 2 = 4. Zimekutana.

Tahadhari: zisipokutana, kosa lipo kwa hakika. Zikikutana, bado kosa linaweza kuwepo. Aliyeandika 614 badala ya 641 atapita kipimo hiki bila kushikwa, kwa sababu kupindua tarakimu hakubadilishi jumla.

Kuipa namba majina yake

Namba ikishavunjwa, majina hutoka yenyewe.

*Ina vigawo vingapi?* Swali hili lina majibu matatu, na walio wengi hujibu lisilo lao. 61,741,120 ina vigawo tasa vitano tofauti: 2, 5, 7, 43, 641. Ukihesabu kila 2 inapojirudia, ni kumi. Lakini vigawo vyote, yaani kila namba nzima inayoigawanya bila baki, ni 112. Njia: chukua kila kipeo, ongeza 1, zidisha. Kipeo cha 2 ni 6, kwa hiyo 7. Vingine vinne vina kipeo 1, kwa hiyo 2 kila kimoja. 7 × 2 × 2 × 2 × 2 = 112. Namba ya Kenya ina 4 × 2 × 2 × 2 = 32. Ya Zanzibar ina vinne: 1, 239, 7,907 na yenyewe.

*Ni namba mraba?* Kuna ungo wa haraka. Mraba hauishii na 2, 3, 7 wala 8. Ukiishia na sifuri, sifuri huwa shufwa kwa idadi. Na tarakimu zake zikijumlishwa mpaka ibaki moja, hiyo huwa 1, 4, 7 au 9. Namba ya Tanzania inaishia na sifuri moja tu, imetoka. Ya Zanzibar inaishia na 3, imetoka. Ya Kenya ni mjanja: inaishia na 6, na jumla yake inashuka mpaka 7, imepita kote. Hata hivyo si mraba, kwa sababu vipeo vyake havikubali. Mraba hudai kila kipeo kiwe shufwa, na 2 yake ina kipeo 3. Ungo hukataa tu. Hauthibitishi.

*Ni kamilifu, pungufu au ya ziada?* Mgawanyo huu ni wa kale. Nicomachus wa Gerasa, mji ulioko Jordan ya leo, aliuandika miaka ipatayo 1,900 iliyopita. Jumlisha vigawo vyote vya namba ukiiacha yenyewe:

- Jumla ikilingana na namba, ni kamilifu. 6 ni 1 + 2 + 3. Zinazofuata ni 28, 496, 8,128, kisha ghafla 33,550,336.
- Jumla ikiwa ndogo, ni pungufu. Zanzibar: 1 + 239 + 7,907 = 8,147 tu, mbele ya namba ya karibu milioni mbili. Ni pungufu sana. Kila namba tasa ni pungufu pia, kwa kuwa jumla yake ni 1.
- Jumla ikiwa kubwa, ni ya ziada.

Nani ataketi kujumlisha vigawo 112 kimoja kimoja? Hakuna haja. Kwa kila kigawo tasa, jumlisha mfululizo wa vipeo vyake kuanzia 1, kisha zidisha majibu. Kwa 2 yenye kipeo 6: 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32 + 64 = 127. Kwa zilizobaki ongeza 1 tu: 6, 8, 44, 642. Zao ni 172,199,808. Toa namba yenyewe, inabaki 110,458,688, ambayo inaizidi 61,741,120 kwa mbali. Ni ya ziada.

Kuna njia fupi zaidi, na inashangaza jinsi isivyofundishwa: kigawe chochote cha namba ya ziada, yaani namba yoyote inayogawanyika kwa hiyo, nacho ni cha ziada. 20 ni ya ziada (1 + 2 + 4 + 5 + 10 = 22). Namba ya Tanzania inagawanyika kwa 20. Jibu limepatikana bila kalamu. Ya Kenya haigawanyiki kwa 20 wala kwa 6, lakini inagawanyika kwa 104, na vigawo vya 104 ukiiacha yenyewe vina jumla ya 106. Imeponea kwa 2, na inatosha: nayo ni ya ziada.

Makosa yanayojirudia

- Kuiita 1 namba tasa. Si tasa, wala haihesabiwi miongoni mwa zinazovunjika. Inakaa peke yake.
- Kuiamini sura. 51, 57, 87, 91, 119, 133, 161, 217: zote zinafanana na tasa, na hakuna hata moja iliyo tasa.
- Kugawanya kwa 3, ikikubali kwenda moja kwa moja kwenye 5. Jaribu 3 tena mpaka ikatae. Vipeo vinavyosahaulika ndivyo huharibu idadi ya vigawo.
- Kudhani inayogawanyika kwa 2 na kwa 4 lazima igawanyike kwa 8. 12 inagawanyika kwa zote mbili na inakataa 8. Kuunganisha vipimo kunafaa pale tu namba mbili zisipokuwa na kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kama 3 na 4 kwa ajili ya 12.
- Kusema witiri haiwezi kuwa ya ziada. 945 ni witiri, na vigawo vyake ukiiacha yenyewe vina jumla ya 975.
- Kujaribu 9, 15, 21 na 25 kama vigawo. Zimeshajibiwa na 3, 5 na 7. Ni muda unaopotea.

"Lakini kompyuta si inafanya yote?"

Inafanya, na hakuna ubaya kuitumia. Kwenye kompyuta yenye Linux, andika neno *factor*, acha nafasi, kisha 61741120 bila alama za mkato. Vigawo tasa vyote kumi vitatoka kabla ya kupepesa jicho. Ila mtoto wa darasa la saba haingii na kompyuta kwenye mtihani. Vilevile kuna mashine zinazodanganya kwa upole, na mwenye kuijua mipaka yake ndiye anayenusurika.

Mfano mkubwa ni Excel, ambayo hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika humo namba ya NIDA kama namba, tarakimu tano za mwisho hugeuka sifuri, na ukihifadhi faili hazirudi tena. Karani anayeingiza orodha ya wanachama wa kikundi cha kukopeshana anaweza kuharibu vitambulisho vya watu wote kwa mchana mmoja. Dawa ni kuibadilisha safu iwe ya maandishi *kabla* ya kuandika, si baada.

Vikokotoo vidogo vya mezani vina shida ya jinsi hiyo. Kioo chenye nafasi nane hakiwezi kuonyesha namba ya tarakimu kumi, na jibu la kugawanya linaweza kuonekana namba nzima kwa sababu tu desimali zimekatwa. Zidisha urudi nyuma. Usipoipata namba uliyoanza nayo, kikokotoo kimekatiza.

Namba zikizidi mno

Kwa tarakimu nane au tisa, njia ya hapo juu inatosha kwa mtu mwenye karatasi na mchana mmoja. Zikifika ishirini, mambo yanabadilika, na msomaji asijilaumu.

Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kwamba 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1, si tasa. Lakini hakuweza kutaja hata kigawo kimoja! Hilo linawezekana: zipo njia za kuonyesha kwamba namba inavunjika bila kuivunja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Frank Nelson Cole mwaka 1903. Mtu anayeambiwa na programu kwamba namba yake "si tasa" bila kupewa vigawo asidhani programu imeharibika.

Upande wa pili, kipimo chepesi kikisema "huenda ni tasa", neno *huenda* lichukuliwe kwa uzito wake. Kimojawapo ni cha kuzidisha 2 kwa yenyewe mara nyingi: kwa namba tasa yoyote kubwa kuliko 2, ukichukua 2 kwa kipeo kilicho pungufu ya namba hiyo kwa 1, kisha ukagawanya kwa namba yenyewe, baki huwa 1. Ila 341 nayo inatoa baki 1, ilhali ni 11 × 31. Ikipimwa kwa 3 badala ya 2, inaumbuka. 561, ambayo ni 3 × 11 × 17, ni sugu zaidi: haiumbuki mpaka ujaribu na namba ambayo ina kigawo cha pamoja nayo.

Watu watatu waliobuni usimbaji wa RSA (njia ya kuficha ujumbe) mwaka 1977, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliugeuza ugumu huu wa kuvunja namba kubwa kuwa kufuli. Walitoa hadharani namba yenye tarakimu 129, zao la namba tasa mbili kubwa, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeivunja. Ilivunjwa mwaka 1994 na mamia ya watu waliojitolea kutumia kompyuta zao kupitia intaneti. Ilikuwa ni ukaidi uleule wa 239 × 7,907, umerefushwa tu. Kufuli za sasa za aina hiyo hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600.